Acheni kudai mafagio: ndege ya mikebe nayo ni kazi ya mikono

GOMA – Kila muhula unapokaribia kuisha, shule nyingi za msingi za mji wetu zinadai wanafunzi walete kazi ya mikono. Sote tunajua inavyokwenda. Mwalimu anaandika ubaoni: fagio moja, au kikapu, au kitambaa cha kushona. Mama anapita sokoni, ananunua fagio, mtoto anaibeba asubuhi, mwalimu anaandika pointi kwenye buletini. Mtoto hajafunga hata uzi mmoja. Aliyefanya kazi ni mama muuza mafagio, na pointi zimekwenda kwa mtoto asiyemjua hata kwa jina.

Mtoto huyohuyo ana ndege chini ya kitanda. Mwili wake ameukata kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Miguu ni waya. Magurudumu yametoka kwenye soli ya sandali iliyokatika, injini mbili ni mabomba ya biki zilizokwisha wino, na kioo cha rubani ni karatasi inayong'aa ya vidonge. Ni Antonov. Yeyote aliyekaa karibu na uwanja wa ndege ataitambua kwa bawa lake lililolala juu ya mgongo. Kazi hiyo imemla mtoto wiki mbili, na haina hata pointi moja. Nyumbani inaitwa uchafu, na asubuhi ya salongo inatupwa pamoja na takataka.

Mimi nasema wazi: hapo tunawafundisha watoto kudanganya, kisha tunatupa kazi yao ya kweli. Shule za Goma ziache kudai mafagio ya sokoni. Zipokee maketi, yaani mifano midogo ya ndege na magari, kama kazi ya mikono halali. Na zifanye zaidi ya kupokea: zifundishe kipimo.

Watoto wa Goma hawakuanza jana kujua ndege. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipolipuka, lava ilipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya barabara ya kurukia ndege. Kwa miaka mingi ndege zilizokufa zililala kando ya mawe yale meusi. Watoto walipanda ndani, wakakaa kwenye kiti cha rubani, wakashika usukani usiokwenda popote. Wengine walichuna bati lake wakauza. Halafu kulikuwa na helikopta nyeupe za Umoja wa Mataifa zikipita juu ya mabati yetu kila siku. Katika mitaa ya Majengo na Mapendo utapata mtoto anayetaja aina ya ndege kwa mlio wake, kabla hajainua macho. Uwanja ulipofungwa baada ya mapigano ya Januari 2025, wengi waliendelea kutengeneza kwa kukumbuka tu.

Kuna watu watacheka wakisoma haya. Nawaomba watazame kwanza wenzetu wa nje wanafanya nini. Uingereza kuna kampuni inaitwa Airfix, iliyoanzishwa mwaka 1939. Japani kuna Tamiya. Wanauza masanduku yenye vipande vya plastiki, pamoja na karatasi ya kuonyesha kipande gani kinaanza na kipi kinafuata. Wanunuzi wao wengi ni wanaume wazima, wenye kazi na familia. Na sanduku haliwatoshi. Wananunua vipande vya ziada kwa kampuni nyingine, kama Eduard ya Ucheki: mikanda ya viti ya shaba nyembamba kuliko ukucha, vibao vya saa za rubani, magurudumu yaliyobonyea kidogo kama yanabeba uzito. Mtu anakaa miezi mitatu juu ya ndege moja ya urefu wa kiganja, na hakuna anayemwita mchafu. Wanafanya maonyesho, wanapeana zawadi.

Sasa linganisha. Karatasi ya vidonge ni kipande cha ziada. Soli ya sandali ni kipande cha ziada. Mzungu amepewa vipande vilivyokwisha kupimwa kiwandani, naye kazi yake ni kuunga na kupaka rangi vizuri. Kijana wetu hakupewa sanduku wala karatasi. Anatafuta vipande mwenyewe, anakata mwenyewe, anapima kwa jicho. Kazi ya pili ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo tunayoitupa.

Lakini jicho peke yake halitoshi, na hapo ndipo shule inapokosekana. Tazameni ndege zinazouzwa barabarani. Nyingi zina mwili mrefu na mabawa mafupi. Antonov 26 ya kweli iko kinyume: urefu wake ni mita 23.8, na kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili ni mita 29.2. Ukichukua kipimo cha 1 kwa 100, kila mita inakuwa sentimita moja. Basi ndege yako itakuwa na urefu wa sentimita 23.8 na upana wa sentimita 29.2. Inaenea kwenye rula ya shule ya sentimita 30, ile ambayo kila mwanafunzi anadaiwa kuwa nayo! Helikopta aina ya Mi-8 ina mapanga matano juu na matatu mkiani. Watoto wetu wengi wanaweka mawili, kwa kuwa yakizunguka hayahesabiki. Duara la mapanga ya juu lina mita 21.3. Mwanafunzi wa darasa la tano akiambiwa atafute urefu wa kila panga kwa kipimo cha 1 kwa 100, amefanya hesabu ya duara, ya nusu, ya desimali, na amepata sababu ya kutokosea. Fagio inamfundisha hesabu gani?

Wanaosema huu ni mchezo wa watoto nawajibu kwa mambo mawili. Mwaka 1878, baba wa ndugu Wright wa Marekani aliwaletea wanawe helikopta ndogo ya kuchezea, ya karatasi na mianzi, inayozungushwa na mpira. Ilipovunjika walitengeneza nyingine kwa mikono yao. Mwaka 1903 ndugu hao wawili waliruka kwa ndege yenye injini. Jambo la pili: mwaka 1942, katikati ya vita, jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule za sekondari watengeneze maketi 500,000 za ndege, kwa kipimo cha 1 kwa 72, za kufundishia askari kutofautisha ndege ya rafiki na ya adui. Kazi ilifanyika madarasani, na maketi isiyotimiza kipimo haikupokelewa. Nchi iliyokuwa vitani haikuona huo kuwa mchezo.

Wengine wanasema kwa uchungu: ndege zimetuua, kwa nini mtoto achezee ndege? Maneno haya nayaheshimu, maana yana makaburi nyuma yake. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege aina ya DC-9 ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa barabara yake na kuangukia Birere, kwenye watu na maduka. Tarehe 24 Novemba 2019 Dornier 228 iliyokuwa inakwenda Beni iliangukia nyumba za Mapendo, wakafa watu zaidi ya 20. Kuna mama Mapendo ambaye hataki kuona hata ndege ya mkebe mlangoni kwake, na hakuna mwenye haki ya kumlazimisha. Lakini mji uliozika watu namna hii unahitaji watu wake wanaojua ndege inahitaji nini ili iruke: bawa lina kazi gani, uzito uwekwe wapi, kwa nini barabara iliyofupishwa na lava ni hatari. Mafundi na wakaguzi wa kesho watatoka wapi kama leo tunawapokonya mikebe?

Kuna jambo lingine, nalo ndilo linalonifanya nisinyamaze. Mtoto anayetengeneza peke yake anatafuta chuma peke yake. Baada ya mapigano ya Januari 2025 mabaki ya silaha yalibaki kandokando ya mji, katika mashamba na mahali palipokuwa kambi. Ganda la risasi linang'aa, ni la shaba, na kwa jicho la mtoto ni injini nzuri kabisa ya ndege. Karibu na ganda hilo kunaweza kuwa na kitu ambacho hakijalipuka. Wengine wanayeyusha plastiki jikoni na kuvuta moshi wake, wanakata bati kwa wembe mkononi. Kukataza hakutoshi, watajificha. Kazi hii ikiletwa darasani, mwalimu atasema kila siku: tunatumia mikebe, waya, katoni, vizibo na sandali. Chuma usichokijua, usikiguse, rudi nyuma, mwambie mtu mzima. Mwalimu aliyekubali ndege ya mtoto atasikilizwa, kuliko yule aliyeitupa.

Tusijidanganye kwamba Mkongo anahitaji sanduku la Ulaya ili afanye maketi yenye heshima. Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948, alijenga Kinshasa miji mizima ya katoni, karatasi, vizibo na vifungashio vya bidhaa. Alipopeleka kazi yake makumbusho ya taifa, walimshuku kwamba si yake, hadi alipotengeneza nyingine. Mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kifo chake, jumba la MoMA la New York lilimfanyia maonyesho makubwa. Swali la "umeiba wapi?" ndilo watoto wetu wanaulizwa hadi leo wakileta kitu kizuri mno. Na hapahapa Goma tumesimamisha sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Chukudu ni nini kama si mbao, mpira wa gari na akili ya fundi ambaye hakupewa karatasi ya maelezo? Wanaopiga picha mbele ya sanamu ile, kisha wakarudi nyumbani na kukanyaga ndege ya mtoto, wajiulize wanasifu nini.

Ninachoomba hakina gharama. Walimu na madirekta: muhula ujao andikeni ubaoni "maketi kwa kipimo cha 1 kwa 100". Si lazima iwe ndege. Anayeumizwa na ndege achague lori, mtumbwi wa Kituku, au shule yenyewe. Mtoto alete kwanza mchoro wenye namba, halafu kazi. Sehemu ya kuunganisha ifanyike darasani, mbele ya macho ya mwalimu, ili mzazi asinunue maketi kama alivyonunua fagio. Pointi ziwe kwa usahihi wa kipimo kwanza, rangi baadaye. Wasichana nao wakate na kupima. Hesabu ya bawa haiulizi jinsia.

Wazazi: kabla ya kutupa, pimeni. Chukueni rula, muulize mtoto bawa lina sentimita ngapi na kwa nini. Akikosa jibu, mtafute pamoja.

Na ninyi mnaonunua ndege hizi barabarani kwa bei ya ndizi mbili ili mpeleke zawadi nje ya nchi: lipeni wiki mbili za kazi, si bei ya mkebe mtupu.

Mtaa wowote wenye shule iliyokubali kujaribu jambo hili, utujulishe. Tutakuja kuona, na tutakuja na rula.