Mwili Una Mfuko Mmoja



Kila asubuhi, kabla jua halijatoka, vijana wa Likasi wanakimbia kwenye balabala. Wengine wanainua vyuma, wengine wanacheza mpira jioni mpaka giza linaingia. Jambo hili ni jema. Mwili usiotumika unaharibika kama kinga iliyoachwa mvuani. Moyo unapata nguvu kwa kazi, mapafu vilevile, na magonjwa ya sukari na ya damu kupanda yanapungua. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima autumie mwili wake dakika 150 mpaka 300 kila juma kwa nguvu ya kadiri, au dakika 75 mpaka 150 kwa nguvu nyingi.

Lakini kuna neno lingine ambalo halisemwi mara nyingi, nalo ndilo neno la somo hili. Mazoezi makali bila pumziko hayajengi mwili, yanaubomoa. Na pumziko linalohitajiwa halipimwi kwa mazoezi peke yake, linapimwa kwa maisha yako yote.

MWILI UNALIPA KWA MFUKO MMOJA

Fikiri juu ya mshahara wa mwezi. Katika mfuko huo huo inatoka pesa ya chakula, pesa ya nyumba, pesa ya masomo ya watoto na pesa ya dawa. Ukitumia nyingi hapa, kule zitapungua. Mwili ni hivyo hivyo. Kukimbia kunatoka katika mfuko wa nguvu. Kuchimba na kubeba mizigo kunatoka humo humo. Homa, njaa, kukesha kwenye kilio, deni, ugomvi wa nyumbani, mtoto aliyefukuzwa shuleni kwa kukosa pesa: yote yanatoka humo humo.

Haya si mafumbo tu. Mwaka 1936 mganga mmoja, Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal huko Kanada, aliandika mambo aliyoyaona kwa panya. Wengine walitiwa katika baridi, wengine walijeruhiwa, wengine walilazimishwa kutumia misuli kupita kiasi, wengine walipewa sumu kidogo. Taabu zilikuwa mbalimbali, lakini ndani ya miili yao aliona alama zilizofanana. Tangu hapo waganga wamejifunza mengi zaidi, lakini jambo hili limesimama: wasiwasi wa moyo na kazi ngumu ya misuli vinaamsha maji yale yale ya hatari ndani ya damu. Moyo unapiga mbio, damu inapanda, usingizi unakimbia. Kwa muda mfupi hali hii inatusaidia. Ikidumu siku nyingi bila kutulia, inatuchosha na kutuumiza.

NGUVU INAONGEZEKA WAKATI GANI?

Wengi wanafikiri kwamba nguvu inaongezeka wakati wa kukimbia. Sivyo. Wakati wa kazi ngumu nyuzi za misuli zinapata majeraha madogo sana, na chakula kilichowekwa ndani yake kinakwisha. Nguvu inaongezeka baadaye, wakati mwili unapotengeneza majeraha hayo na kujaza tena ghala yake. Kazi hiyo inafanyika kwa chakula, kwa maji, na zaidi sana kwa usingizi. Anayekimbia kwa ukali leo, na kesho, na kesho kutwa, ni kama mwashi anayebomoa ukuta kila asubuhi kabla udongo wa jana haujakauka.

Tazameni wakimbiaji wa Kenya. Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 na mita 195 huko Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Mpango wake na wenzake wa Kaptagat umejulikana duniani: siku za mwendo mkali zilikuwa tatu tu katika juma, yaani siku ya pili, siku ya ine na siku ya posho. Siku nyingine walikimbia polepole, na usingizi waliuhesabu kuwa sehemu ya kazi. Ikiwa mtu kama huyo hakukimbia kwa ukali kila siku, kwa nini wewe unajilazimisha, tena baada ya kazi ya kutwa?

KAZI NGUMU NA MAZOEZI SI KITU KIMOJA

Hapa Likasi tuko wengi wa kutumia mwili. Kuna wanaofanya kazi kwa zamu katika viwanda, na kuna wanaochimba madini kwa mikono upande wa Kambove. Wengine wanasukuma kinga zilizojaa makala. Watu wanawaambia, "Ninyi mna afya, kwa kuwa mnatoka jasho kila siku." Neno hilo si kweli.

Mwaka 2021 wachunguzi wa Denmark walitoa habari za watu zaidi ya 100,000 wa mji wa Copenhagen waliofuatwa kwa miaka ipatayo kumi. Waliotumia nguvu katika michezo na matembezi yao walipata magonjwa ya moyo machache zaidi. Lakini waliotumia nguvu nyingi kazini walipata zaidi, hata walipohesabu pia sigara na umaskini. Sababu moja inayofikiriwa ni hii: mchezaji anasimama akichoka, lakini mfanyakazi anasimama akiruhusiwa. Anainua saa nyingi, damu yake inabaki juu muda mrefu, na kesho anarudi kabla hajapona.

Kwa hiyo nasema wazi: shauri moja halifai watu wote. Karani anayekaa kitini tangu asubuhi, ndiye akimbie. Anayechimba au kubeba siku nzima, asiongeze mbio kali juu yake. Anachokosa yeye ni chakula cha kutosha na usingizi. Kama anataka mpira, acheze siku ambayo hakubeba mizigo.

Na mama wa nyumbani? Anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Anateka maji, anatwanga, analima, anauza sokoni, anabeba mtoto mgongoni. Katika nyumba nyingi pumziko ni mali ya mwanaume peke yake. Mume anakimbia asubuhi, akirudi anakaa kungojea maji ya kuoga. Baba, kama una nguvu ya kukimbia kilomita tano, unayo nguvu ya kuteka bidoni mbili. Hayo pia ni mazoezi, na mkeo atapata nusu saa ya kulala.

Wengine watasema, "Kupumzika ni uvivu." Wakumbuke nabii Eliya. Alipochoka hata akaomba kufa, hakupewa kwanza maonyo. Alipewa usingizi, na chakula, na usingizi tena, na chakula tena. Ndipo akatumwa safari. Wengine watasema, "Sisi maskini hatuna nafasi ya kupumzika." Ni kweli, tajiri ananunua pumziko kwa urahisi zaidi. Lakini kwa sababu mfuko wako ni mdogo, ndipo inakupasa kuuangalia zaidi, usiutoboe kwa mambo yasiyo ya lazima. Na lutuku si pumziko. Inamwangusha mtu, lakini inaharibu usingizi wake, na asubuhi anaamka na deni kubwa kuliko la jana.

JINSI YA KUPIMA MFUKO WAKO

Asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa dakika nzima. Fanya hivi siku saba, utajua hesabu yako ya kawaida. Siku ikizidi kwa mapigo kumi hivi, na ulilala vibaya, na miguu ni mizito, mwili unakuambia kwamba mfuko ni mtupu. Siku hiyo tembea tu, au usifanye kitu.

Kisha shika mambo haya:

1. Siku za mazoezi makali zisizidi mbili au tatu katika juma, wala zisifuatane. Siku za katikati, enda kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza bila kuhema.

2. Lala saa saba au zaidi. Ukikesha kwenye kilio, au kwenye maombi, au kwa mtoto mgonjwa, usikimbie kwa ukali kesho yake.

3. Siku za taabu kubwa, punguza mwendo. Usiache kabisa, kwa maana kutembea polepole kunatuliza moyo wenye wasiwasi.

4. Kula baada ya kazi: bukari na maharagi, ndakala, karanga, sombe. Kunywa maji safi, zaidi sana mwezi wa kumi, wakati wa joto kali kabla ya mvua.

5. Mwenye homa asicheze wala kukimbia. Apimwe malaria kwanza, apone, kisha aanze kidogo kidogo.

6. Mwenye damu ya SS asifanye mazoezi makali bila shauri la daktari. Mwenye AS anywe maji mengi, apumzike mara kwa mara, asishindane katika joto.

ALAMA ZA HATARI

Kifua kikiuma au kubana wakati wa kazi, ukianguka na kuzimia, moyo ukipiga ovyo, au mkojo ukiwa mweusi kama kahawa baada ya mazoezi, acha mara moja na uende hospitali siku hiyo hiyo. Mkojo mweusi unaweza kuonyesha kwamba misuli imevunjika na kuziba figo. Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka uwanjani Lyon, Ufaransa, tarehe 26 Juni 2003, akafa akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulionyesha kwamba nyama ya moyo wake ilikuwa imenenepa kwa ugonjwa. Nguvu za nje hazikuonyesha hali ya ndani. Kwa hiyo kijana ambaye ndugu yake alikufa ghafula, apimwe moyo kabla ya kushindana.

Ndugu msomaji, hakuna atakayekupa mwili mwingine wa akiba. Leo jioni, kabla ya kupanga mbio za kesho, jiulize: leo nimelipa nini? Nimebeba nini mikononi, na nini moyoni? Nilikula? Jana nililala? Halafu mwulize na mwenzako wa nyumbani maneno hayo hayo. Ikiwa mfuko una kitu, kimbia kwa furaha. Ikiwa ni mtupu, lala. Kesho balabala itakuwa pale pale.