Sedamu Haitaki Huruma Nyingi

Leo nianze kwa kukiri kosa. Miaka michache iliyopita nilimpelekea mama mkwe, kule Bomet, miche kumi na miwili ya sedamu niliyoinunua kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Sedamu ni ule mmea wa majani manene yenye maji, unaodumu miaka mingi bila kupandwa upya. Nilitaka mbele ya nyumba papendeze kabla ya harusi ya shemeji yangu mwezi wa Aprili.

Nilichimba mashimo, nikayajaza samadi, nikamwagilia maji asubuhi na jioni. Nikarudi mjini nikijisifu. Wageni wa harusi walikuta mashina meusi yaliyooza.

Mama hakunigombeza. "Binti yangu," aliniambia, "umeilisha kama ng'ombe wa maziwa." Kisha akanionyesha kitawi kimoja kilichokuwa kimeangukia katikati ya mawe ya ngazi. Hicho ambacho hakuna aliyekijali ndicho kilichokuwa kimenawiri!

Sababu ni hii. Sedamu huweka akiba ya maji majanini. Mchana hufunga vitundu vidogo vya majani ili maji yasipotee, na usiku huvifungua. Kwa hivyo haiombi maji mengi. Inaomba jua na mizizi inayopumua.

Sasa fikiria nchi ya chai. Kericho na sehemu za chai za Bomet hupata mvua karibu kila mwezi. Asubuhi jua huwaka, alasiri mawingu hukusanyika, na mara nyingi huja na mvua ya mawe. Udongo nao una asidi, jambo linaloifurahisha chai lakini si sedamu.

Ukitaka kufaulu huko, fanya hivi:

Kwanza, chagua upande unaopata jua la asubuhi, kwa maana la alasiri si la kutegemea.

Pili, inua tuta hadi sentimita 30, yaani urefu wa rula ya mwanafunzi. Changanya debe moja la udongo na debe moja la kokoto ndogo au mchanga wa mtoni. Ongeza majivu ya kuni kidogo kupunguza asidi. Samadi usiweke.

Tatu, kata vitawi vya sentimita 8 na uviache kivulini siku tatu ili kidonda kikauke. Vipande, kisha ungoje wiki moja kabla ya kutia maji. Januari na Februari, mvua inapopungua, ndio wakati mzuri.

Mvua ya mawe ikipasua majani, usilie. Okota yaliyoanguka yakiwa mazima, uyalaze juu ya mchanga. Mengi yatatoa mizizi.

Neno kuhusu maua. Zile sedamu ndefu zenye vichwa vya waridi tunazoziona katika vitabu vya Uingereza huchanua baada ya siku za kiangazi zenye mchana wa saa 16. Kericho iko karibu na ikweta, na mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Usishangae basi zikikataa kuchanua. Panda sedamu kwa uzuri wa majani yake, na kwa maua tafuta ndugu yake, kalankoe. Ziko hata za kienyeji, zenye maua ya manjano, zinazoota porini katika nyanda zetu za juu.

Lakini tahadhari! Kalankoe ina sumu inayodhuru moyo wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ipande ndani ya ua, na matawi unayopogoa usiyatupe malishoni.

Nawe mwanafunzi unayeishi katika chumba kimoja mjini, toboa kopo kuukuu chini, litie mchanganyiko ule ule na uliweke dirishani penye jua. Mwagilia tu udongo ukishakauka kabisa.

Kile kitawi cha ngazini tulikikatakata Januari iliyofuata. Leo kimejaza tuta zima, na kila nikienda Bomet, mama mkwe hunifungia vipande ndani ya gazeti nirudi navyo Nairobi. Hunikumbusha pia, mbele ya watoto, nisivimwagilie maji.