Rafu ya Wiki: Vitabu Vinne vya Nyumba Nzima



Juma lililopita, tukiwa Feri tukingojea kuvuka kwenda Likoni, mama mmoja alitukabili na swali. Binti yake wa miaka kumi na mitano hulala na riwaya ya Kiingereza kifuani, naye mama hajui kilichomo. Amnyang'anye au amwachie? Feri ilikuwa imekwisha kutia nanga, tukamjibu kwa haraka. Leo twamjibu kwa kituo: asimnyang'anye, amwombe amsimulie.

Na waanze na hadithi ya mji wao. *The House of Rust* ya Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa hapa hapa Mombasa, ilitoka mwaka 2021, na mwaka 2022 ikapata Tuzo ya Ursula K. Le Guin. Aisha, binti wa mvuvi, anamfuata baharini babake aliyepotea, kwa chombo cha mifupa na paka asemaye, hata akakutana na Baba wa Papa. Lakini mtihani mkubwa unamngojea nchi kavu: bibi yake ataka kumwoza ili apate kutulia, naye moyo wake ungali safarini. Pengine mama na binti wataona wepesi kuzungumza juu ya Aisha kabla ya kuzungumza juu ya nafsi zao.

Kwa wanaodhani kuwa vitabu vya picha ni mchezo wa watoto, twapendekeza *When Stars Are Scattered* cha Victoria Jamieson na Omar Mohamed, kilichotoka mwaka 2020. Ni maisha ya Omar mwenyewe, mtoto wa Kisomali aliyelelewa katika kambi ya Dadaab pamoja na nduguye mdogo Hassan, ambaye ni mlemavu. Neno analolitamka Hassan ni moja tu: *Hooyo*, yaani mama. Omar anapopata nafasi ya kusoma, inambidi aamue kama atamwacha nduguye kambini mchana kutwa. Mtoto wa miaka kumi atakifahamu, na mtu mzima atakifunga machozi yakimlengalenga.

Wapenda visa vya upelelezi wasome *Blackwater Falls* ya Ausma Zehanat Khan, ya mwaka 2022. Msichana mkimbizi wa Syria anauawa katika mji mmoja wa Colorado, Marekani, na maiti yake yaonekana msikitini. Mpelelezi ni Inaya Rahman, mwanamke Mwislamu. Kitabu hiki kina mauaji na chuki ya wazi; hivyo twanasihi mzazi au dada mkubwa akisome kwanza, na wadogo wasubiri.

Kwa asiyesoma Kiingereza, ipo *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf, kijana mdogo, anachukuliwa na tajiri amwitaye ami, pasi na kujua kwamba babake amemweka rehani kwa deni. Hicho mama akisome mwenyewe, kisha naye amsimulie bintiye.

Hapo ndipo penye jambo letu. Vitatu katika vinne hivi ni vya Kiingereza. Binti aweza kuijua Mombasa ya Aisha kwa lugha asiyoielewa bibi yake, na ukuta ukasimama baina yao bila ya yeyote kukusudia. Dawa yake haina gharama: baada ya Isha, msomaji wa nyumba akae karibu na wazee, awasimulie kwa Kiswahili kurasa alizosoma siku ile. Na kwa kuwa vitabu ni ghali, nyumba tatu au nne zichange, kitabu kimoja kizunguke.

Ewe mama wa Feri, tutakapokutana tena tutakuuliza: Aisha aliolewa?

Wabillahi tawfiq.