Ushindi 14, pointi sifuri, na ligi ilikuwa sahihi

Wapenzi wa michezo hawachoki na hadithi ya timu iliyoonewa ikapambana mpaka dakika ya mwisho. Ndiyo maana msimu wa 2010 wa Melbourne Storm, klabu ya raga ya wachezaji 13 kutoka Australia, bado unasimuliwa kishujaa: mechi 24, ushindi 14, vipigo 10, na mwisho wa msimu wakaburuza mkia wakiwa na pointi sifuri. Mwaka ule nilikuwa Melbourne, mchana nasoma uhasibu, usiku napanga maboksi kwenye ghala la nyama upande wa Footscray. Hadithi hiyo niliisikia ikizaliwa, na tangu siku ile haijanikaa vizuri.

Ligi yao, NRL, ina sheria ambayo huku kwetu ingezua vita: kikomo cha mishahara. Mwaka 2010 kila klabu iliruhusiwa kutumia dola za Australia milioni 4.1 hivi kwa kikosi chake cha kwanza, iwe na mfadhili tajiri au isiwe naye. Ukitaka kumwongezea nyota wako, tafuta wa kumwacha aende. Matokeo yake ni haya: kati ya 2001 na 2010 ubingwa halali wa ligi ile ulitwaliwa na klabu nane tofauti. Kwetu Tanzania, kwenye ligi ya soka, tangu Mtibwa Sugar walipobeba kombe mwaka 2000, halijatoka mikononi mwa Simba, Yanga na Azam. Sisemi tuige. Nasema msomaji aone kikomo kile kinalinda nini kabla hajawahurumia waliokivunja.

Na Storm walikivunja kwa makusudi. Uongozi ulikuwa na mikataba ya aina mbili: mmoja unapelekwa ligi, mwingine wenye ahadi za pembeni unabaki klabuni. Mhasibu yeyote wa Kariakoo ataelewa haraka, ni lile daftari la TRA na lile la mwenye duka. Aprili 22, 2010, mambo yakawa hadharani. Hesabu ya kwanza ilionyesha dola milioni 1.7 zilizofichwa ndani ya miaka mitano; wakaguzi wa nje walipochimba, zikavuka milioni 3. Ligi ikafuta mataji ya 2007 na 2009, ikatoza faini ya dola 500,000, ikadai zawadi za dola milioni 1.1 zirudishwe zigawiwe klabu nyingine. Kisha ikaja adhabu iliyowatoa watu machozi: pointi nane walizokwisha kuvuna zimefutwa, na msimu wote uliobaki watacheza bila kupata hata moja.

Msimamizi wa zamu yetu pale ghalani alikuwa Msamoa, mtu mzima, mwenye kuvaa jezi ya zambarau ya Storm chini ya koti la baridi. Alikuwa na hoja ambayo mpaka leo naiona nzito kuliko zote nilizosoma magazetini. Cameron Smith, Billy Slater na Cooper Cronk, alisema, hawakununuliwa. Walikuja wakiwa vijana ambao hakuna aliyewajua, kocha Craig Bellamy akawapika, wakawa nyota wa taifa. Sasa klabu inaadhibiwa kwa sababu imekataa kuwatupa watoto iliowalea yenyewe?

Ndiyo. Kikomo kile hakiulizi mchezaji alitoka wapi, kinauliza analipwa kiasi gani. Klabu nyingine nazo zililea vijana, na bei yao ilipopanda zikawaaga kwa uchungu kwa sababu hesabu ilikataa. Zile zilizotii ndizo zilizokuwa zinafungwa na Storm. Mzee yule hakuwa akiwahesabu hao, na sikumlaumu. Shabiki haangalii daftari la jirani.

Tuje kwenye hiyo sifuri, maana ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Kufutiwa mataji wanakukubali, lakini kucheza miezi mitano bure wanakuita ukatili. Wanasahau kwamba kikosi cha 2010 chenyewe kilikuwa juu ya kikomo. Kosa halikuwa la zamani peke yake, lilikuwa linaendelea kila mchezo unapopigwa, na huwezi kupunguza mishahara ya nyota katikati ya msimu kama unayepunguza oda ya soda. Siku tatu baada ya hukumu, Aprili 25, timu ile iliingia uwanjani mbele ya mashabiki zaidi ya 20,000 na kuitandika New Zealand Warriors 40-6. Magazeti yakaandika ujasiri. Mimi nilijiuliza Warriors wamekosa nini. Wamesafiri kuvuka bahari, wamekutana na kikosi ambacho kisheria hakikupaswa kuwepo, wamerudi nyumbani mikono mitupu. Pointi mbili za mchezo ule hazikwenda kwa mtu. Hivyo hivyo kwenye kila ushindi wa Storm msimu ule: wapinzani walipoteza kweli, na Storm hawakupata. Kama ushindi wote 14 ungehesabiwa, Storm wangeingia nane bora kwa raha na kumsukuma nje mmoja aliyefuata sheria. Manly, waliomaliza wa nane, walikuwa na ushindi 12.

Kwa hiyo sifuri naitetea. Ninachokigombania ni nani aliyeibeba. Hakuna mchezaji aliyeadhibiwa, na hilo sawa. Aliyekuwa mtendaji mkuu wakati mikataba ile inatengenezwa alikuwa ameshahamia klabu ya raga ya wachezaji 15, akajiuzulu huko kelele zilipozidi. Polisi walichunguza na hakuna aliyefikishwa mahakamani. Wajumbe huru wa bodi waliothubutu kuipinga hukumu kisheria walifukuzwa na mwenye klabu mwezi Julai. Na mwenye klabu alikuwa nani? Kampuni ya News Limited, ambayo wakati huo huo ilimiliki nusu ya ligi iliyotoa hukumu. Mfuko mmoja, mshtakiwa upande huu, hakimu upande ule. Mkaguzi yeyote angeandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti yake kwa wino mwekundu, hata kama hukumu yenyewe ni sahihi, kwa sababu hukumu sahihi kutoka kwa hakimu wa namna hiyo haimtulizi mtu. Nadhani nusu ya hasira ya Melbourne ilitoka hapo, ingawa ilipigiwa kelele kwa jina la wachezaji.

Waliolipa ni wale walionunua tiketi kwenda AAMI Park, uwanja mpya uliofunguliwa Mei mwaka ule ule, kutazama michezo isiyokuwa na hesabu. Walienda hata hivyo. Msamoa wangu alienda mvua inanyesha, akarudi na mafua. Mwisho wa msimu Greg Inglis akaondoka, baadaye akatua South Sydney, na wengine kadhaa wakafuata njia ya mlango ili daftari likae sawa.

Halafu ikatokea jambo ambalo wasimuliaji wa ushujaa hulipitia haraka. Storm waliopunguzwa, wanaolipana ndani ya kikomo, waliongoza msimamo mwaka 2011, na mwaka 2012 wakatwaa ubingwa kwa kuifunga Bulldogs 14-4 katika fainali. Smith, Slater na Cronk walikuwepo wote watatu. Bulldogs nao wanaijua fimbo hii: mwaka 2002 walikatwa pointi 37 kwa kosa hilo hilo, wakiwa wanaongoza ligi. Kombe la 2012 ndilo ningelipigia makofi mimi.

Kila baada ya muda huibuka mtu akitaka mataji ya 2007 na 2009 yarudishwe, ati muda umepita. Aende kwanza Sydney akawaulize mashabiki wa Parramatta, waliofungwa 23-16 katika fainali ya 2009. Taji lile lilipofutwa hawakupewa wao, nafasi iliachwa wazi, na ubingwa wao wa mwisho mpaka leo ni wa 1986.