Tuzo Haihesabu Matone: Dripu ya Uchungu Inataka Nesi, Siyo Mkasi wa Kukata Utepe



Februari 2025, jijini Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhiwa tuzo ya Goalkeepers na taasisi ya Gates kwa kupunguza vifo vya wajawazito. Namba zinazoimbwa kila jukwaani mnazijua: vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, mpaka 104 katika ule wa 2022.

Sisi hatubishani na namba hizo. Zimetoka kwenye jasho la wakunga na manesi wanaokesha, na tunawapigia saluti. Tunachokataa ni ule wimbo wa "kazi imekwisha". Maana ukitoka ukumbini ukaingia leba saa tisa usiku, kuna swali dogo tu: nani anahesabu matone?

Nieleze, maana wengi wetu tunalisikia tu jina la "sindano ya uchungu".

Dawa inaitwa oksitosini. Mama akishajifungua, anachomwa uniti 10 kwenye msuli ili asitokwe na damu nyingi. Hapo ni mkombozi, na kila mama anastahili kuipata. Lakini dawa hiyo hiyo kabla mtoto hajatoka ni habari nyingine kabisa. Mwongozo wa WHO unasema weka uniti 2.5 kwenye dripu ya mililita 500, anza na matone 10 kwa dakika, ongeza matone 10 kila nusu saa. Mama akifikisha mikazo mitatu ndani ya dakika 10, kila mmoja ukizidi sekunde 40, unaacha kuongeza. Mikazo ikizidi mitano, unafunga dripu mara moja.

Kwa nini ukali huo? Kwa sababu mfuko wa uzazi ukibana, damu inayompelekea mtoto hewa inapungua. Mtoto anapumzika kati ya mkazo na mkazo. Ukimnyima mapumziko hayo anachoka, anaweza kufa, au kuzaliwa hoi na kuishi na ulemavu wa ubongo. Na mama, hasa aliyewahi kupasuliwa au aliyezaa mara nyingi, mfuko wake unaweza kupasuka.

Sasa tazama mtego ulipo. Ampuli ya uniti 10 ni dozi sahihi baada ya kuzaa. Nesi aliyechoka akiimimina yote kwenye dripu ya mililita 500 kabla ya kuzaa, kila tone linakuwa na nguvu mara nne ya inavyotakiwa. Chupa ni ile ile, mkono ni ule ule, ila majibu ni tofauti kabisa.

Misoprostoli nayo ni hivyo hivyo. Kidonge kilichozoeleka kina mikrogramu 200. Kuanzisha uchungu, dozi ya kumeza ni mikrogramu 25 kila baada ya saa mbili, yaani moja ya nane ya kidonge! Hebu jaribu nyumbani kukata kidonge cha panadol vipande vinane vilivyo sawa. Huwezi. Njia salama ni kukiyeyusha kwenye mililita 200 za maji na kupima mililita 25, au kununua vidonge vya mikrogramu 25, ambavyo vipo duniani na WHO imeviweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Na mama aliyewahi kupasuliwa haanzishiwi uchungu kwa dawa hii.

Tupige hesabu ambayo haisomwi bungeni. Mama mmoja mwenye dripu anatakiwa kuhesabiwa mikazo kwa dakika 10, kila nusu saa, na kusikilizwa mapigo ya mtoto. Nesi mmoja akiwa na akina mama watatu wa dripu, nusu saa yake imekwisha. Yote. Hajaandika chochote kwenye patografu, hajaenda chooni, na huyo wa nne anayesukuma mtoto sasa hivi hana mtu. WHO inasema mama aliyepewa dawa hizi asiachwe peke yake. Kwa nesi mmoja wa zamu ya usiku, hiyo sheria anaitimizaje?

Halafu likitokea la kutokea, tunajua sinema yake. Kiongozi anafika na kamera, nesi anasimamishwa kazi mbele ya watu, makofi. Mwenye uzembe aadhibiwe, hatumtetei. Lakini aliyepanga nesi mmoja kwa wodi nzima yeye anasimamishwa na nani? Wakati huo huo manesi waliohitimu wapo mtaani wanaendesha bodaboda, wakisubiri ajira. Serikali yetu ilikuwepo Abuja mwaka 2001 nchi za Afrika zilipoahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Robo karne imepita!

Watasema wamejenga vituo. Ndiyo, wamejenga, na ni kodi yetu. Ila jengo halihesabu matone.

Tunadai manne. Moja, idadi ya manesi wa leba ipangwe kwa idadi ya wazazi, na hakuna dripu ya uchungu pasipo mtu wa kuikalia. Mbili, pampu za dripu zianze kupelekwa kule kwenye wazazi wengi. Tatu, vidonge vya mikrogramu 25 vinunuliwe, tuachane na kukata kwa wembe. Nne, friji inayofanya kazi umeme ukikatika, maana oksitosini inatunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikipigwa na joto inapoteza nguvu, nesi anaongeza dozi akidhani mama haitikii, na kesho ikija chupa nzima yenye nguvu, kipimo kile kile kinaua.

Na sisi wenyewe tujirekebishe. Ni ndugu zetu wanaosimama mlangoni wakifoka, "Mchomeni sindano azae haraka, tumechoka kusubiri!" Usimlazimishe nesi. Uliza kwa heshima: "Dada, hii dripu ni ya nini? Nani atamwangalia?" Na usimkataze mgonjwa wako dawa kwa sababu umesoma hapa. Kosa siyo dawa, kosa ni kuiacha bila macho.

Kamanda, mkutano wa kijiji au mtaa ukiitishwa, usiishie kuuliza barabara. Simama, uliza: usiku wa kuamkia leo, leba yetu ilikuwa na manesi wangapi? Wakikujibu namba, uliza na wazazi walikuwa wangapi. Andika yote mawili kwenye daftari. Mwezi ujao uliza tena, mpaka wajibu kwa vitendo.

Mapambano yanaendelea.