Msimharakishe Anayeomba Tena Udaktari

Ndugu zangu na wazazi wetu mlioko nyumbani,

Nawaandikia kutoka Marekani kuhusu vijana wetu waliomaliza shahada ya kwanza huku kwa alama hafifu, wakaomba kusomea udaktari, wakakataliwa. Wakipiga simu nyumbani huulizwa kama wameshaomba tena. Swali hilo mnaliuliza kwa upendo, lakini linawasukuma kurudisha maombi yale yale mwaka unaofuata, na kwa hatua hiyo wengi hujiharibia. Nawaomba muwape muda.

Huko kwetu matokeo ya sekondari ndiyo yanayoamua. Kijana wa Tanzania akifaulu vizuri kidato cha sita anaweza kuingia chuo kikuu cha afya cha Muhimbili (MUHAS) moja kwa moja, akasoma miaka 5, kisha akafanya utarajali wa mwaka mmoja. Huku udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni miaka 4. Hufuata miaka 4 ya chuo cha udaktari, kisha mafunzo ya ubingwa ya miaka 3 hadi 7. Kwa hiyo kila somo alilosoma chuoni tangu akiwa na miaka 18 linaingia kwenye hesabu, hata la muhula aliokuwa akikesha kazini ili alipe ada na kuwatumia fedha. Vyuo vingi hupokea maombi kupitia mfumo wa pamoja uitwao AMCAS, na mfumo huo haufuti kitu: aliyerudia somo huhesabiwa alama zote mbili, ya kwanza na ya pili. Vyuo vya osteopathia, ambavyo wahitimu wake nao ni madaktari kamili, viliwahi kukubali alama mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani, lakini utaratibu huo ulikoma mwaka 2017.

Tazameni hesabu yenyewe. Mwanafunzi aliyemaliza krediti 120 za masomo kwa wastani wa 2.8 kati ya 4.0, akisoma krediti nyingine 30 na kupata A tupu, wastani wake unapanda hadi 3.04 tu. Walioanza masomo ya udaktari mwaka 2023 katika vyuo visivyo vya osteopathia walikuwa na wastani wa takriban 3.77, na waombaji zaidi ya 52,000 waligombea nafasi zipatazo 23,000. Mtu anaweza kusema basi hakuna maana ya kuhangaika. Ninaona kinyume chake, kwa sababu AMCAS huonyesha alama za kila mwaka peke yake, huweka kando wastani wa masomo ya sayansi, na huonyesha pia masomo yaliyochukuliwa baada ya shahada. Msomaji wa maombi anaona kijana alianza wapi na sasa yuko wapi. Mwaka mmoja au miwili ya biokemia na fiziolojia yenye alama za juu, pamoja na matokeo mazuri ya MCAT, mtihani wa kuombea chuo cha udaktari, ni ushahidi kwamba anaumudu mzigo wa masomo. Ushahidi huo haupatikani kwa kuharakisha. Hata huo MCAT hauruhusiwi kufanywa zaidi ya mara 7 katika maisha, na matokeo mabaya hubaki kwenye kumbukumbu.

Wapo wanaosema daktari aliyeanza na alama mbaya ni hatari kwa wagonjwa. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana vyuo hudai uthibitisho mpya. Lakini alama za miaka ya mwanzo hueleza pia hali ya kijana wakati huo, na baada ya kuingia chuoni kuna mitihani ya leseni ambayo haimhurumii mtu. Wengine hushauri kijana aende kusoma udaktari nje ya Marekani, kisha arudi. Njia hiyo ipo, ila mjue gharama yake: mwaka 2024, wahitimu wapya wa vyuo vya udaktari vya Marekani waliopata nafasi za mafunzo ya ubingwa walikuwa zaidi ya 93 kwa kila 100, na raia wa Marekani waliosoma nje walikuwa 67 kwa kila 100. Deni la ada wanabeba wote, aliyepata nafasi na aliyekosa.

Pingamizi gumu zaidi ni la umri na fedha: atasubiri mpaka lini, na wadogo zake wanahitaji karo? Sisemi asubiri bila mwisho. Kubalianeni naye kipimo kilicho wazi. Ikiwa baada ya mwaka mzima wa masomo magumu ya sayansi alama bado ni C, mzungumze naye kwa heshima kuhusu uuguzi, famasia au afya ya jamii, kazi ambazo hospitali haiendi bila hizo. Alama zikipanda, msimkatishe njiani ili awaridhishe majirani.

Kwa hiyo simu ijayo msimuulize kama ameomba. Muulizeni ni kitu gani kimebadilika tangu alipokataliwa, maana vyuo vingi humuuliza hivyo hivyo anayerudi. Kama bado hana jibu, mpunguzieni mwaka huu mzigo wa kutuma fedha, apate saa za kusoma. Msaada huo utamfaa kuliko kumhimiza ajaze fomu tena.

Wenu katika ughaibuni.