Tuwaage Vijana kwa Koti na kwa Neno Kuhusu Gari

Kila mwaka, ifikapo Agosti, vijana wetu kadha wa kadha hufunga safari kwenda masomoni Marekani. Huchangiwa nauli katika harambee, huombewa, huusiwa wasisahau walikotoka. Shangazi huenda Gikomba akawatafutia koti zito. Katika sherehe za aina hii nilizowahi kuhudhuria, sijamsikia mtu aliyesimama akasema neno kuhusu gari. Ilhali miji mingi ya huko haina matatu, na mwanafunzi mwenye fedha haba hununua gari kuukuu.

Nami nilikuwa vivyo hivyo. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu mjini Madison, jimbo la Wisconsin, nilinunua gari lililoizidi ndoa yangu kwa umri. Rejeta yake ilivuja kidogo. Kiangazi chote niliiongeza maji ya mfereji, kama tufanyavyo hapa kwetu gari linapotokota mlimani. Ikaja Januari 2014, baridi ikapiga eneo lile hata jirani zetu wa Chicago wakapima nyuzi 27 chini ya sifuri. Maji yakigeuka barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chuma hakikubali kutanuka nayo. Fundi alinionyesha ufa kwenye injini, kisha akauliza, kwa upole mno, ni nani aliyetia maji matupu humo.

Sisi wanaisimu tuna istilahi ya jambo hili: athari ya lugha mama. Mtu huzungumza lugha ya kigeni kwa sarufi ya kwao. Naam, nililiendesha gari la Wisconsin kwa sarufi ya Nairobi. Mama nilipompigia simu kumwarifu kwamba gari limeuawa na baridi, aliuliza iwapo magari nayo hushikwa na kichomi.

Dawa ya kuzuia kuganda, ikichanganywa na maji nusu kwa nusu, haigandi hata katika nyuzi 30 chini ya sifuri. Bei yake si kitu mbele ya injini. Betri nayo hupoteza karibu nusu ya nguvu zake katika baridi kali, wakati uo huo oili ikiwa nzito na injini ikidai nguvu zaidi. Betri iliyochoka ibadilishwe kabla ya Desemba.

Lakini hayo ni hasara ya mali tu. Linalonitia hofu ni bomba la moshi. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji hulila bomba hilo pamoja na sakafu ya gari. Kijana akikwama, huiacha injini ingurume apate joto. Theluji ikiwa imeziba bomba, monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, humwingilia ndani. Husinzia asiamke. Sharti ashuke kwanza alifukue bomba, kisha awashe injini kwa dakika chache chache, dirisha likiwa wazi kidogo.

Nikialikwa tena katika harambee, nitatoa mchango wangu, kisha nitamwomba mfawidhi dakika tano.